Matanga ya Bibi Sufuria

Rozina Zenoni Komba ni binti wa Zenoni Komba, yule aliyefyatua matofali ya kanisa kule karibu na Peramiho, na walipotaka kuandika jina lake ukutani akawaambia Mungu hahitaji kusomewa. Ni mjukuu wa Bibi Agata, aliyemtoa chui kwenye banda la mbuzi kwa kifuniko cha chungu na matusi. Ni kitukuu wa Mngoni aliyekwenda vitani kutafuta ng'ombe akarudi na mke, na ng'ombe hawajaonekana hadi leo. Rozina mwenyewe alimfuata mumewe Dismas hadi Columbus, Ohio, mume akija kusoma, yeye akija na begi moja na cherehani ya mkono aliyoipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Ameshona majoho ya kwaya za mtaa wa Northland. Amepunguza na kupanua magauni ya maharusi katika duka la Morse Road, mpaka ikawa yeye ndiye wa kwanza kujua nani ana mimba. Na siku ya theluji basi lilipokwama, ni yeye aliyewashusha abiria akawapanga nyuma wasukume. Aliwahimiza kwa wimbo hata dereva akashuka kusukuma nao, na walikwenda hatua kadhaa kabla mtu hajauliza nani yuko kwenye usukani.

Hayo ni kweli na wapo wa kuyathibitisha. Lakini ukilitaja jina la Rozina leo, iwe Columbus, iwe Louisville, iwe huko Buffalo kwenye maduka ya Grant Street, mtu atacheka kwanza, halafu atakuuliza, "Yule aliyezika masanamu?"

Ndiye huyo huyo.

Mambo yalianzia kwenye boti. Ng'ambo ya Westerville kuna bustani ya michezo ya zamani iitwayo Kerrigan, na kila Agosti Watanzania wa miji hiyo mitatu, na majirani zao wanaoelewana nao lugha, hukutana pale siku nzima. Vijana hukimbilia rola kosta, wakapinduliwe miguu juu kichwa chini kwa hiari yao. Wazee walikuwa na chombo kimoja tu cha kupanda, nacho ni boti za Mto wa Porini. Boti iliteleza polepole, ikaingia kwenye handaki lenye ubaridi mtamu, na huku na huku palikuwa na Afrika kama alivyoiota mtu ambaye hajawahi kufika. Kulikuwa na tembo wa kurusha maji. Kulikuwa na kiboko mwenye jino moja, na ngoma zilizopigwa na mtu asiyeonekana. Halafu kwenye kona, watu. Mwanamume kifua wazi, miguu mitupu, sanduku kichwani. Na bibi kikongwe akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko, macho yamemtoka kama aliyetajiwa bei ya nyama.

Mwingine angekasirika. Rozina, mara yake ya kwanza, alicheka hadi boti ikayumba, kwa sababu nyuma yake alikuwa amekaa Shami.

Shami ni Mnyamwezi wa Tabora, mkazi wa Louisville, na kazi yake ilikuwa kupakia vifurushi kwenye ndege. Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Zamani babu zao walipigana kwa mikuki, wakachoka, wakapatana kwamba tangu hapo watapigana kwa midomo. Mtani hakasirikiwi. Akikuita mtumwa wake, nawe unamwita mtumwa wako, kisha mnakula sahani moja. Na ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kubisha hodi. Atachimba kaburi, atachota maji, na huku anamsema marehemu, anaigiza mwendo wake, analala kaburini akidai hatoki mpaka apewe kuku, hadi aliyekuwa akilia anajikuta anacheka kwa machozi yale yale.

"Mnyamwezi," Rozina alisema siku ile, akimwonyesha mwenye sanduku, "msalimie babu yako. Naona bado hajafika pwani."

"Na wewe Mngoni mla panya, mpokee bibi yako mwiko," Shami akajibu. "Panya wanaungua."

"Mtu umevuka bahari nzima na bado unabeba mizigo!"

"Babu alibeba ya miguu, mimi nabeba ya ndege. Ukoo unapanda huo. Nyie bado mpo kwenye panya."

Tangu siku hiyo sanamu zile zikawa na majina: Babu Sanduku na Bibi Sufuria. Watoto walifundishwa kumwamkia Bibi Sufuria boti ikipita, na wote walipaza sauti kwa pamoja, "Shikamoo!" Mwaka mmoja nguo ya bibi yule ilikuwa imeoza, imemwacha kifua nje mbele za watu. Rozina hakuvumilia. Boti ilipofika kwenye kona alisimama, Shami akamshika kiuno asije akazama, naye akavua kitenge chake begani na kumfunga yule mama kwa heshima zote. Boti za nyuma zikagongana moja baada ya nyingine. Mlinzi alimkaripia mpaka mishipa ikamtoka. Lakini Agosti iliyofuata kitenge kilikuwa pale pale, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nani kakifua? Hawakujua, wakasema basi, Bibi Sufuria ana watu wake.

Mukabutera, mama wa Kikongo mwenye duka Grant Street, aliyekuwa akija toka Buffalo na ndoo nzima ya sambusa, hakuwahi kuelewa mapenzi hayo. "Bon, huu muto ni bafu," alisema kila mwaka. "Miye nilivuka Ruzizi na mutoto ku mugongo, donc hapa munanilipisha nini?" Na kila mwaka alikuwa wa kwanza kuingia botini, na kiti cha mbele ni chake.

Sasa ikafika majira ya kuchipua, na Festus Nyamweya akaingia dukani Morse Road kupunguziwa suruali. Festus ni Mkenya, alikuja kusoma uhandisi, na sasa kampuni yake ndiyo inayowachorea Kerrigan michezo yao. Alisimama kwenye kiti, Rozina chini na pini mdomoni.

"Mama Rozina, Jumamosi kuna mkutano Westerville. Ni juu ya ile ride ya boat. Honestly, mama, ile kitu ni aibu."

Rozina akatoa pini. "Wanaibomoa?"

"Wenye bustani wanataka jibu moja. Watu wakikubaliana itengenezwe namna gani, itatengenezwa. Wakibishana, wanajaza mto, wanaweka rola kosta ingine, maneno yanaisha."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Ningeivunja kesho. Nilipeleka watoto wangu, wakaniuliza kama nyanya yao alikuwa anapika watu."

"Panya," alisema Rozina. "Anapika panya. Usimsingizie mwenzio."

Festus alicheka, lakini Rozina aliendelea kupiga pini bila kuangalia, na nusura amchome kisigino. Alikuwa anawaza goti lake. Anawaza mgongo wa Shami, na presha ya Mukabutera. Bila boti, wazee wangekaa kwenye mabenchi kulinda mabegi ya wajukuu. Mwaka wa kwanza wangevumilia. Wa pili mmoja angesema safari ya Louisville ni ndefu, mwingine angesema jua kali. Wa tatu wasingekuja. Mkutano wao wa miji mitatu ulikuwa umeshikiliwa na ile boti kama koti lililobakiwa na kifungo kimoja, na Rozina anajua mambo ya vifungo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Upande mmoja walikaa wazee wa Westerville, weupe kwa nywele na kwa ngozi, wamevaa fulana za Kerrigan zilizopauka, na kiongozi wao alikuwa Bi Marion, mama mwembamba mwenye mkongojo. Wao walitaka Mto wa Porini uachwe kama walivyoukuta utotoni, hata msumari usiguswe. Upande wa pili walikaa wanafunzi wa chuo na wazazi vijana, wengi weusi, nao walitaka uvunjwe, na vumbi lake lifagiliwe. Katikati, kama mpaka, walikaa Rozina, Shami aliyekuwa ameondoka Louisville kabla ya jua, na Agata, mjukuu wa Rozina aliyepewa jina la yule bibi wa chui, anayesomea uuguzi. Rozina ana Kiingereza cha kushonea, Kiingereza cha kugombana hana. Kwa hiyo Agata alipewa maiki atafsiri, kama afanyavyo kanisani padri mgeni akija, na bibi yake alikuwa amemwonya, "Usiruke hata neno."

Akaitwa Rozina kusema. Akainuka. Shami alikuwa amekaa mwisho wa safu, miguu ameitandaza kama yuko kwake.

"Mtumwa wangu," alisema Rozina, "vuta miguu hiyo nipite."

Na Agata, maiki mkononi, akatafsiri.

Ukumbi mzima ukawageukia. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Shami ni mtani, na mtani akitukanwa asipojibu chakula hakishuki.

"Pita, Mngoni, pita. Bibi yako anakungoja kwenye sufuria, ubavu wa panya kakuwekea wewe."

Agata akatafsiri na hilo.

Mwanafunzi mmoja aliruka juu kama kakalia moto. "Mmesikia wenyewe! Hivyo ndivyo huu mchezo ulivyowafundisha watu kuitana!" Na mzee mmoja wa fulana naye akainuka upande wa pili, uso mwekundu kwa furaha: "Si mnaona? Hata wao wanautania! Uacheni ulivyo!" Wakaanza kupigizana kelele, kila upande ukimshika Rozina mkono na kumvutia kwake, na Festus huko mbele akaziba uso kwa viganja. Mwenyekiti akagonga meza, akasema watu wakanywe kahawa kwanza, na wakirudi bila kupatana, yeye atawapa wenye bustani jibu la rola kosta.

"Rozina," alinong'ona Shami, "tumeibomoa wenyewe."

Kwenye korido, karibu na bomba la maji, Rozina alimgeukia mjukuu wake. "Agata! Utani nao unatafsiriwa?"

"Uliniambia nisiruke neno!"

"Neno, ndiyo! Lakini wewe umelelewa kwenye utani, unajua hatumaanishi. Shami ni ndugu yangu."

"Mimi najua. Wao watajuaje?" Agata aliingia kwenye Kiingereza, kama kawaida yake hasira zikimpanda, halafu akarudi kwenye Kiswahili taratibu. "Bibi, nikiwa darasa la nne walitupeleka Kerrigan. Darasa zima. Tulipofika kwenye kona nikasema kama mlivyotufundisha. Kwa sauti. Shikamoo Bibi Sufuria."

Rozina akamsogelea.

"Wakaniuliza, unamjua? Nikasema ndiyo, ni bibi yetu." Agata akacheka kidogo, cheko lisilo na maji. "Mpaka nahama shule ile nilikuwa naitwa Sufuria."

"Ukawajibu nini?"

"Ningewajibu nini, Bibi? Mimi mmoja, wao darasa."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unampenda sana."

Rozina alinywa maji bombani, akanyoosha mgongo, akanywa tena ingawa kiu hana. Alikuwa anamwona mtoto wa darasa la nne kwenye boti, ametoa adabu aliyofundwa nyumbani, akarudishiwa jina la sufuria. Kisha akamwona Bibi Sufuria mwenyewe, miaka yote ile, watu wanampita, wengine wakicheka kwa wema na wengine kwa ubaya, naye mdomo wa plasta.

"Shika maiki," alisema. "Na safari hii pia usiruke neno."

Aliporudi mbele hakuanza na boti. Alianza na mikuki ya Wangoni na Wanyamwezi, akaeleza walivyoichoka, na utani ulivyozaliwa. Alieleza kwa nini anamwita yule mzee mtumwa wake, na Shami akainuka akainama kama mfalme, watu wa pande zote mbili wakaanza kucheka kwa woga, kama mtu anayepima maji kwa kidole.

"Sasa sikilizeni," alisema Rozina. "Utani una sheria moja. Ni wa wawili. Nikimtukana Shami, Shami ana mdomo, na mmeusikia. Asiyeweza kukujibu humtanii, unamwonea tu. Ninyi wenye fulana, nawaelewa, mimi nimecheka kwenye mto ule kuliko ninyi. Lakini wale watu wawili wa kwenye kona hawana wa kuwajibia. Na mjukuu wangu huyu hapa alichekwa kwa ajili yao, peke yake, na mimi niliyemfundisha kuwasalimia sikuwepo kumjibia."

Agata alitafsiri hilo lote, na sauti yake ilipofika kwenye maneno ya mwisho ilipungua, lakini hakuruka.

Ndipo Bi Marion akainuka na mkongojo wake. Hakuwa na hasira tena. Alisema marehemu mumewe alikuwa fundi wa boti zile tangu kijana hadi alipostaafu, na siku moja alirudi nyumbani na kitambaa kikubwa cha maua, kimeloa, akasema kuna mama kamvisha sanamu na yeye hana moyo wa kukivua, lakini kinanuka. "Nilikifua mimi," alisema Bi Marion. "Kila majira ya baridi alikuwa analeta, nafua, napiga pasi, anarudisha. Mkivunja mto ule, mtakuwa mmeniondolea mahali pa mwisho ambapo mikono yake bado ipo."

Rozina alimtazama mama yule. Kumbe ndiye mtu wa Bibi Sufuria.

"Bi Marion," alisema, "wewe hujaja mkutanoni. Wewe una msiba. Na mimi pia, naona sasa ninao. Msiba haupigiwi kura. Kwetu msiba unaendeshwa na watani. Boti zibaki, kazi ya mumeo hiyo. Maji yabaki, handaki libaki, na tembo abaki, maana bila kulowana hakuna aliyefika Kerrigan. Lakini wale wawili wamezeeka na wamechoka kuchekwa. Tuwafanyie matanga, tuwape heshima, na pale kwenye kona wakae watu wenye kinywa."

Festus akawa ameshatoa kalamu. "Au tuweke wanyama peke yake," alisema. "Hakuna watu, hakuna matata."

"Hapo sasa!" Shami alinguruma. "Babu yangu atolewe, kiboko abaki? Watoto waone Afrika ni nyumba ya tembo, watu walihama? Mimi babu yangu simkani kwa kubeba mzigo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na ujira wao na walijua kugoma. Mvalisheni viatu, mpeni shati, akae juu ya sanduku lake akatae kunyanyuka mpaka alipwe. Huyo ndiye babu!"

Festus alimwangalia, akafuta alichoandika, akaanza kuchora mtu aliyekaa juu ya sanduku. "Na spika hapa," alisema mwenyewe kwa mwenyewe, "na nyingine hapa. Boat ikifika wanajibizana. Inawezekana, wazee. Hiyo inawezekana kabisa."

Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Mwanafunzi yule wa kwanza alisema bado ana mashaka, na atakuja kuona kwa macho yake. Mzee wa fulana alisema yeye hatakanyaga tena Kerrigan. Na kweli, hakukanyaga. Lakini wengine wote waliinua mikono, na rola kosta ikakosa pa kuwekwa.

Matanga yakafanyika bustani ilipofunga msimu, miti ya Ohio imegeuka rangi ya kachumbari. Wafanyakazi waliwatoa Babu Sanduku na Bibi Sufuria handakini, wakawalaza kwenye lori lililotandikwa khanga. Nje ya handaki walionekana wadogo, rangi imebanduka, na baadhi ya wazee wa Westerville walilia wazi wazi. Ndipo Shami akaenda akalala chali mbele ya gurudumu.

"Haliondoki!" alipiga kelele. "Huyu bibi wa Kingoni ana deni langu la kuku!"

Dereva, kijana wa Ohio asiyejua lolote, alizima injini akashuka mbio. Mukabutera ikabidi amtoe Shami kwa sambusa tatu badala ya kuku, naye akazipokea akiwa bado amelala. Rozina akasimama juu ya Babu Sanduku akimsimanga: eti miaka yote ile kwenye kona moja, hata nyumba ya pili hajafika, mpagazi gani huyu! Watu wakaanza kulegea. Kisha Rozina akamgeukia Bi Marion.

"Zamu yako. Mseme."

"Siwezi," alisema Bi Marion. "Sijui niseme nini."

"Huyu mama kakaa na mumeo mchana kutwa, na nguo zake ukafua wewe. Kwetu mwanamke wa namna hiyo tunamwita mke mwenza."

Agata alitafsiri, akihangaika kidogo kwenye mke mwenza. Bi Marion akasogea hadi kwenye lori, akamnyooshea Bibi Sufuria mkongojo kifuani.

"Alinunua grisi kwa ajili yako siku ya kuzaliwa kwangu!" alisema. "Nilikupigia pasi, na hukuwahi hata mara moja kunikaribisha hicho ulichokuwa unapika!"

Wee! Walicheka watu wa fulana, wakacheka wanafunzi, akacheka Festus hadi akashika mti, na Bi Marion mwenyewe akacheka huku akilia, na Rozina akampokea begani kama mfiwa apokewavyo. Lori likaondoka taratibu kwenda ghala la makumbusho ya mtaa, ambako wageni wataelezwa sanamu zile zilivyokuwa na kwa nini zilitolewa. Kitenge alibaki nacho Bi Marion. Mwiko Rozina alikuwa ameshauchomoa mkononi mwa marehemu, kwa sababu mtani huchukua anachotaka, na hakuna wa kumuuliza.

Agosti iliyofuata Mto wa Porini ulifunguliwa. Festus alisimama langoni amevaa suruali aliyopunguziwa na Rozina, hana raha, kama baba wa bwana harusi. Boti ni zile zile, na kelele yake ya kukwaruza ni ile ile, kwa sababu Bi Marion alikataa iondolewe. Tembo aliwalowesha wote. Kwenye kona kulikuwa na gati la mtoni: mzee mwenye shati na viatu vyake, amekaa juu ya sanduku, mikono kifuani, na mama mnene wa makamo mbele ya jiko la vitumbua, mwenye uso wa mtu asiyedanganywa.

"Nyie wa mbele!" spika ililia kwa sauti ya Rozina, Kiswahili kwanza halafu Kiingereza cha kushonea. "Mbona mmelowa? Hamkuona tembo, tembo alivyo mkubwa?"

"Usiwauzie vitumbua!" ikajibu sauti ya Shami. "Watasema ni panya!"

Boti nzima ikawajibu kwa kelele, watoto weusi na weupe wamesimama, wanapiga mayowe, na yule mama wa vitumbua akawarudishia, maana Festus alikuwa amewarekodi watani wale maneno mengi, na kila boti ilipata la kwake. Mwanafunzi mwenye mashaka alishuka amelowa, akasema atapanda tena ili awe na hakika. Mukabutera alisema mto bado ni bafu. "Mais bafu ya watu sasa," aliongeza, akaenda kupanga foleni upya.

Rozina hakupanda mara ya pili. Goti lilikuwa limeshamwambia yake. Alikaa kwenye benchi, akamwita Agata, akatoa kwenye begi lake ule mwiko, mrefu kama mkono, mweusi kwa rangi ya miaka mingi.

"Shika."

"Bibi, huu nitaufanyia nini?"

"Shika kwanza. Mimi na Shami tumebaki kwenye spika, na spika haiwezi kumtania mtu kwa jina lake. Kuanzia leo wajukuu wa Shami ni watani wako. Agosti ikifika, usiwaache wakae wala wale kabla hujawasema, mbele za watu, na mwiko huu mkononi wajue umetumwa na nani. Na wakifiwa, Louisville au popote, ufike wa kwanza, uchote maji, uwachekeshe. Tena ukimkuta mtoto anachekwa na hana wa kumjibia, wewe ndiye mdomo wake, na baadaye umfundishe kujibu mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia." Agata aliupima mwiko mkononi. "Nikikosa la kusema?"

"Kilembwe wa Bibi Agata wa chui, ukose la kusema?" Rozina alimgeuza mabega, akamwelekeza kwenye foleni. "Mwone yule kijana wa Shami. Mnyamwezi mzima, mikono mitupu mfukoni, na ndoo ya sambusa kaibeba Mukabutera. Nenda kaanze."